Jibu: Bibi Mhmong na jina la ukoo

Mkuu, umeuliza mbona yule bibi Mhmong (Wahmong ni watu wa milimani huko Asia, kama Laos) jirani yako hapo St. Paul, Marekani, ana ukoo tofauti na wanawe. Hamna ndoa iliyovunjika hapo, kwao mwanamke akiolewa anabaki na ukoo wa baba yake, watoto ndo wanafata wa baba yao. Wazee wa rika lake wengi walikimbia kutoka Laos baada ya Long Tieng, ngome yao ya kijeshi, kuanguka Mei 1975, sababu waume zao walipigana upande wa CIA (majasusi wa Marekani) dhidi ya wakomunisti walioshinda, wakavuka mto Mekong usiku kwa mianzi tu, vichanga wanapewa afyuni wasilie (wengine hawakuamka tena, inauma sana). Kwenye kambi ya wakimbizi ya Ban Vinai, Thailand, akina mama wakadarizi vitambaa vinavyosimulia hiyo safari wakauza, ndo ikawa hela ya mboga. Muulize kama anacho.