Usiache muziki, punguza shughuli

Mdogo wangu, umesema tangu korosho zianze kuuzwa unaimba kila wikendi, leo Masasi kesho Newala, sauti imekauka na muziki umeanza kukuchukiza. Usiuache kwanza. Huku kwetu pesa za shughuli hujaa Oktoba hadi Desemba, halafu masika kimya. Ndiyo maana unakubali kila simu. Pandisha bei kidogo. Wengine watakwenda kwingine, na waende! Chukua advansi, sehemu yake itunze kwa ajili ya masika. Sauti ikikwaruza, nyamaza kabisa siku hiyo. Kunong'ona nako kunaichosha. Na siku moja ya wiki piga gitaa barazani, bila maiki, bila mteja, nyimbo uzipendazo wewe. Siku hiyo usimuuzie mtu, hata MC akikubembeleza.