Maswali yenu: Landilodi anataka nitoke, naweza kukaa mpaka lini?

SWALI: Habari zenu. Niko na saluni Umoja na hatujawahi kuandikiana kitu na landilodi, kodi namtumia tu kwa M-Pesa. Juzi ameniandikia WhatsApp ati nitoke mwisho wa mwezi, kijana wake anataka kufungua hapo duka la simu. Jirani ananiambia niweke kesi halafu niache kulipa kodi, kesi itavutwa huko miaka na mimi niko tu ndani. Ni ukweli? – Mama Saluni

JIBU: Mama Saluni, jirani yako amepatia nusu, na ile nusu amekosea ndiyo itakutoa hapo kabla hata ya huyo kijana.

Tuanze na ya kweli. Watu hudhani bila agrimenti ya kuandika huna haki, kumbe kwa biashara Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, inamlinda hasa mtu kama wewe asiye na karatasi, hata na mwenye mkataba usiozidi miaka 5, na saluni imo kwa sababu unauza huduma. Kwa hivyo hiyo WhatsApp ni salamu tu. Notisi ya kweli inakuja kwa fomu maalum ya sheria, inakupa angalau miezi miwili, na inataja sababu. Ikikosa hayo, pinga hapo hapo.

Akijitambua akuletee ya sawasawa, usikae nayo kwa droo! Ndani ya mwezi mmoja mjibu kwa maandishi kwamba hukubali kutoka, halafu kabla ya ile siku ya kutoka ufungue kesi kwa jopo la wapangaji wa biashara, ile watu huita BPRT. Ukishafungua kwa wakati notisi inalala mpaka jopo liamue, na hapo ndipo unapata muda wa kukaa, na ni wa halali kabisa. Wengi huchelewa, wanakimbia kutafuta wakili siku dalali amefika mlangoni.

Na hiyo sababu yake pia iangalie vizuri, maana sheria inasema landilodi *mwenyewe* anataka kutumia hiyo nafasi kwa biashara yake au kuishi, na kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kijana wake si yeye, hiyo unaiuliza mbele ya jopo, na aonyeshe mipango yenyewe, si maneno.

Sasa kodi. Ukikaa na deni la miezi miwili, au ukiwa mtu wa kuchelewesha kila saa, umempa landilodi sababu mpya ya kukutoa, tena yenye nguvu kuliko ya kijana, na anaweza kuomba ruhusa ya jopo vitu vyako vishikwe kwa deni, madraya yote yaende. Lipa kila mwezi na uweke zile meseji za M-Pesa. Akikataa pesa ndio aseme hulipi (wako wengi hawa), omba jopo liseme kodi iwekwe wapi. Na akikata stima ama aweke kufuli yake, jopo hilo hilo linaweza kumzuia.

Ukishindwa kuna rufaa Mahakama ya Ardhi na Mazingira, una siku 30. Lakini rufaa peke yake haikuzuii kutolewa, lazima uombe amri isimamishwe, na korti itataka kuona umekuja haraka, utaumia kweli, na uko tayari kuweka dhamana. Zile za kubadilisha wakili kila tarehe, kuugua siku ya kesi, kufungua kesi mbili korti mbili, mimi sikushauri, utalipishwa gharama na jaji hatakuamini tena.

SWALI: Nyumba yangu Kasarani ni 18,000, nadaiwa miezi miwili, keateka anasema kesho wanang'oa mlango. Naenda wapi?

JIBU: Si kwa jopo la kodi za nyumba, hilo ni la nyumba za kodi isiyozidi 2,500, sijui utaipata wapi Nairobi ya leo. Wewe nenda korti ya hakimu, na uende leo, uombe amri ya kuwazuia, maana kung'oa mlango bila amri ya korti si halali hata kama unadaiwa. Lakini nenda na mpango wa kulipa umeandikwa, wenye tarehe. Ukienda mikono mitupu utapata muda kidogo sana.

SWALI: Mimi ni landilodi. Mpangaji wa duka anaahirisha kesi kila mara na halipi.

JIBU: Usifunge duka, utageuka mkosaji wewe. Omba jopo la biashara (BPRT) limwamuru alipe kodi kila mwezi kesi ikiendelea, na akiomba kuahirisha tena upinge na udai gharama za hiyo siku.