Jibu: Nistaafie Newala au Mtwara mjini?

Shikamoo mwalimu. Umeuliza kama kiinua mgongo kikitoka ujenge Newala kwenye mikorosho yako au Mtwara mjini, na umetaja kuwa mama ana presha. Mimi naanzia hapo kwenye presha.

Mjini una hospitali ya Ligula, na kule Mitengo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Ukiwa Newala, mama akipewa rufaa usiku, hiyo ni safari ya kutafuta gari. Masasi nayo ifikirie, Ndanda iko jirani na hospitali yake ya misheni inategemewa sana huku kusini.

Hewa ya Newala naipenda mno. Kule juu uwandani asubuhi unavaa sweta wakati Mtwara watu wanajipepea. Shida ni maji. Utakuta nyumba ina mifereji chini ya bati, inamwaga kwenye tangi la saruji lililochimbiwa uani, na maji ya masika hayo ndiyo ya kutunzwa hadi kiangazi kiishe. Ukijenga huko, tangi litangulie msingi wa nyumba, nakusihi.

Mikorosho haikulazimishi kuishi shambani mwaka mzima. Unapanda kwenda Newala wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, unarudi kwenye kuokota, katikati anabaki kijana unayemwamini.

Kwa hiyo pangeni kwanza nyumba huko Mtwara, Shangani au Mikindani, mama alipime joto la pwani kabla hamjagusa mafao. Yeye mwenyewe anapendelea wapi?