Nyie na i7 Zenu Mtaniua

Maswali ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yamejaa, leo nachomoa machache tu. Wale wa "nitajie bei" mnisamehe, mimi siyo duka.

Mafinga: Kaka, Ryzen 7 9800X3D ya AMD inaichapa Core Ultra 9 285K ya Intel kwenye gemu, lakini nikiangalia Cinebench, ile programu ya kupimia prosesa, 285K ndo inaongoza kwa mbali. Nani anatudanganya?

Hakuna anayedanganya. Cinebench inachora picha ya 3D, kazi inakatwa vipande na kila kora (kitengo cha kazi ndani ya prosesa) inapewa chake, sasa 285K ina kora 24, 9800X3D ina 8, ulitegemea nini? Gemu haigawanyiki hivyo, yenyewe inataka data iwe karibu, na 9800X3D imebebeshwa MB 96 za L3, kumbukumbu ya haraka, palepale kwenye prosesa. Ila nikuulize, kadi yako ya grafiki ni ipi? Maana hao wapimaji wanachomeka kadi inayozidi bei ya bodaboda mpya halafu wanashusha ukubwa wa picha hadi 1080p makusudi, ili kadi isielemewe na prosesa ndo ibaki inasukuma. Kama yako ni kadi dhaifu ya aina ya GTX 1650, hiyo tofauti utaisikia kwa watu tu. Hela ya X3D kanunulie kadi.

Makambako: i5 na i7 ipi kali?

Ya mwaka gani? Kila wiki nauliza hivi jamani. Core i7-4770 ni ya 2013, kora 4 thredi 8 (thredi ni njia za kazi, hapa mbili kwa kila kora). Core i3-12100 ni ya 2022, nayo kora 4 thredi 8, na inaiacha mbali hiyo i7 yenu. Lakini muuzaji ameandika CORE i7 kwa maka pen kwenye boksi la desktop ya mtumba, mtu anatoa hela anaondoka anacheka. Angalia mwanzo wa namba baada ya kile kistari, ndo inakwambia kizazi: 4770 ni cha 4, 12100 ni cha 12. Chini ya kizazi cha 8 Windows 11 kwa kawaida haikutambui, na Windows 10 imeshaachwa na Microsoft tangu Oktoba 2025.

Njombe: Shikamoo. Prosesa yangu ya Ryzen 5 5600 imepata alama mia sita na kitu kwenye Cinebench, mtandaoni wanapata elfu kumi na moja. Nimepigwa?

Marahaba. Hujapigwa, wewe umepima na Cinebench 2024, wao na toleo la zamani la R23, mizani tofauti.

Iringa, Kihesa: Kuna mtu ananiuzia i9-14900K used, bei ya kutupa.

Kwa nini anaitupa? Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri prosesa za desktop za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinapata volti kupita kiasi, wakatoa maikrokodi ya 0x129, yaani marekebisho ya maelekezo ya ndani ya prosesa, mwezi Agosti. Hiyo inazuia tu, iliyokwishaungua haiponi. Na hata ikiwa nzima inaweza kula wati 253, kwa feni ya elfu thelathini utakuwa unapika.

Uyole: Hii baridi yetu inaongeza alama kwenye benchmaki, yaani vipimo vya kasi?

Swali zuri, ndo kwanza leo. Mwaka jana Julai nilipima mashine yangu saa kumi na mbili asubuhi hapa Mbeya, nimevaa koti na soksi mbili, feni haisikiki. Nikaibeba hadi Kyela, mchana, mazabodi (bodi kuu) ile ile, RAM ile ile, feni ikawa inalia kama mashine ya kusaga na alama zikashuka. Chumba kikipanda digrii moja, prosesa nayo inapanda karibu digrii moja, na ikichemka sana inapunguza kasi yenyewe. Japo huku juu, kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa hiyo feni nayo inapata kidogo cha kusukuma, usidhani baridi yote ni faida. Na usipime dakika moja ukakimbilia kupiga skrini shoti, iache dakika kumi ichemke kwanza. Aisee, na mwenye RAM kijiti kimoja asiniletee alama zake kabisa, data inapita njia moja tu na alama zinashuka, aongeze cha pili ndo tuongee.

Tunduma: AMD au Intel?

Hujaandika bajeti, hujaandika kazi. Nimeruka.