Taimingi ya 5A-FE kwa gari inayoishi Mbeya (na habari ya okteni)

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Corolla AE110 yako, injini ya 5A-FE, imekuwa nzito tangu uilete Mbeya kutoka Dar, na fundi anataka kusogeza distributa (kigawa cheche; ukiigeuza unabadilisha taimingi, yaani wakati cheche inapotoka) kwa sikio ili iwe nyepesi. Pia unataka kujua kama dawa ya kuongeza okteni kwenye tenki itasaidia. Dawa iache dukani, sababu nitaieleza chini. Distributa inahitaji maelezo marefu kidogo.

Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku imepungua kwa asilimia 15 au zaidi kidogo ukilinganisha na ya Dar, na injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho. Sehemu kubwa ya uzito unaousikia ni hiyo, na hakuna cheche inayorudisha hewa ambayo haikuingia kwenye silinda.

Ila fundi hadanganyi akisema gari itachangamka. Hewa ikiwa chache, mgandamizo unashuka, mchanganyiko unaungua polepole, na injini inapenda cheche iwahi kidogo. Tatizo ni kwamba hewa hiyohiyo chache inaficha kugonga kwa injini. Kwa sikio, pale gereji, atafika digrii 15 au 16 kabla ya pistoni kufika juu, bila kusikia chochote. Halafu wewe unashuka Kyela, chini kabisa karibu na ziwa, kuna joto na hewa imejaa tena. Unapakia magunia ya mchele, unaanza kupanda kurudi Tukuyu, mguu sakafuni. Hapo ndipo injini inaanza kulia kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Mafuta ambayo moto wa plagi bado haujayafikia yanalipuka yenyewe. Yakiendelea hivyo yanavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na gasketi ya hedi inafuata. Mlima Kitonga ni vilevile ukitokea Ruaha Mbuyuni. Kwa hiyo taimingi inapangwa kwa taa ya taimingi (inamulika alama ya pulii kila cheche inapotoka), na inapangwa kwa ajili ya sehemu ya chini kabisa utakayofika na mzigo.

Kipimo cha injini hiyo ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, lakini ni baada ya kuunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya kiboksi cha uchunguzi ambayo yakiunganishwa kompyuta inaacha kuichezea taimingi. Wengi wanaruka hatua hiyo, wanasoma namba ambayo kompyuta inaichezea, kisha wanageuza distributa kufuata namba ya uongo.

Washa injini mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima. Zima AC, taa na redio. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iwe kati ya 700 na 800 kwa dakika. Fungua kile kiboksi cheusi cha uchunguzi chini ya boneti, soma maandishi ndani ya kifuniko, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Angalia usikosee tundu, maana +B na FP zikiunganishwa unawasha pampu ya mafuta. Ukipatia, taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kumweta.

Koleo la taa ya taimingi libane waya wa plagi namba 1, ile ya upande wa mkanda wa taimingi. Safisha pulii ya chini na uipake chokaa ya ubaoni kwenye alama, vinginevyo utahangaika mchana kweupe. Legeza bolti za distributa kwa spana namba 12, kiasi cha kugeuka kwa mkono kwa shida kidogo. Geuza kidogo sana, tazama alama imekwenda wapi, rudi au endelea mpaka isome 10. Kaza, kisha pima tena, kwa sababu distributa hupenda kusogea wakati wa kukaza. Toa ule waya. Alama inatakiwa isogee mbele yenyewe na kuchezacheza; hiyo ni kompyuta imeshika kazi yake.

Kuna vitu vitatu vinavyokwamisha hapa. Cha kwanza, alama haitulii hata baada ya kuunganisha TE1 na E1. Mara nyingi ni sensa ya kipepeo cha hewa, haitoi ishara kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. Rekebisha hiyo kwanza. Cha pili, distributa imefika mwisho wa nafasi ya bolti na bado hujapata 10. Acha kugeuza. Mkanda wa taimingi umeruka jino, au aliyeufunga mwisho alikosea, na huo ndio uzito wa kweli ambao watu wanaufunika kwa distributa kwa miaka. Cha tatu, raba ya pulii imechoka na pete ya nje imeteleza, kwa hiyo alama inasema uongo. Toa plagi namba 1, ingiza kijiti kirefu, zungusha injini kwa spana mpaka kijiti kifike juu kabisa, uone kama alama iko kwenye 0.

Kama gari haitoki nyanda za juu, yaani ni Mbeya, Makambako, Njombe, Mafinga na kurudi, digrii 12 inavumilika. Siivuki hapo. Na ukipata safari ya Kyela au Dar, rudisha 10 kabla ya kuondoka.

Sasa okteni. Okteni ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Haina nguvu ya ziada ndani yake. Petroli ya kawaida ya Japani, ambayo 5A-FE ilitengenezewa, ni RON (kipimo cha okteni) 89 kwenda juu, na ile ya daraja la juu ni 96. Ukiona video ya Wamarekani wanasema 87, hiyo ni hesabu nyingine. Kwa RON ni kama 91. Kwa mwinuko wa Mbeya mahitaji ya injini yako yanashuka zaidi, kwa hiyo dawa ya chupa haina cha kurekebisha. Tena nyingi zinajisifu kwa "pointi" ambazo kila moja ni sehemu ya kumi tu ya okteni. Naftalini ya nguo usithubutu.

Kinachoshusha okteni kweli ni mafuta ya taa ndani ya petroli, na petroli ya chupa iliyokaa juani. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka bila kuacha doa la mafuta. Ikiwa injini imepangwa 10 sawasawa na bado inagonga mlimani, anza na hilo tone, kisha joto la injini, kisha masizi kwenye pistoni.

Wenye Forester ya tabo msinakili haya. Tabo inarudisha hewa iliyopungua, kwa hiyo nafuu ya mwinuko hampati, na kama kifuniko cha tenki kinadai petroli ya daraja la juu, kinadai hata Mbeya.