Maswali ya Wasomaji: Profesa Akistaafu, Chuo Kinamhusu Tena?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, nilistaafu mwaka jana nikiwa na umri wa miaka 65, baada ya kufundisha katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania kwa zaidi ya miaka thelathini. Wiki moja baada ya kupokea barua ya kustaafu nilikuta kibao cha jina langu kimekwisha kung'olewa mlangoni, yamebaki matundu manne ya skrubu, na ndani amehamia mhadhiri msaidizi ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha. Alisimama akanipisha kiti kwa adabu, nami nikaona haya kukikalia. Nina wanafunzi watatu wa shahada ya uzamivu ambao hawajamaliza, na kila wiki wananipigia simu kuuliza ni nani atakayetia saini ripoti zao. Sikusudii kurudi kumtawala mtu. Ninachotaka kujua ni kama ipo njia halali ya profesa mstaafu kuendelea kushiriki katika maisha ya chuo, na hata katika uendeshaji wake, au kustaafu ni kufungiwa geti. (Mstaafu, Tanga)

JIBU: Shikamoo Profesa. Nianze na wanafunzi wako, maana wao ndio wasioweza kusubiri.

Kabla ya kupewa safu hii niliandika kumbukumbu za vikao vya chuo kwa miaka mingi, na ninakumbuka kikao kimoja ambacho tasnifu ya mwanafunzi ilikwama kwa sababu msimamizi wake alikuwa amestaafu na hakuna aliyeiarifu idara kwa maandishi. Fomu ya maendeleo ilikuwa na nafasi moja tupu, ile ya saini ya msimamizi. Wajumbe walijadiliana kwa karibu saa nzima ni nani mwenye haki ya kuijaza, huku mwanafunzi mwenyewe akiwa amekaa kwenye benchi la nje na nakala tatu za tasnifu mapajani. Uamuzi ukaahirishwa hadi kikao kilichofuata. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila karatasi haikuwapo.

Kwa hiyo mwandikie Mkuu wa Idara sasa, na nakala uipeleke katika ofisi inayosimamia masomo ya uzamili. Mtaje kila mwanafunzi kwa jina, mada yake, hatua aliyofikia na kazi iliyobaki. Pendekeza mhadhiri aliye kazini awe msimamizi mwenza mwenye kutia saini. Kisha omba uteuliwe wewe kuendelea na usimamizi hadi tarehe fulani inayotajwa. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mkuu wa Idara anayeona kwamba ombi lako lina mwisho hulipitisha kwa wepesi, lakini lisilo na mwisho humfanya ahofu kuwa amejiletea msimamizi wa ofisi yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye swali lako kubwa. Katika utumishi wa umma hapa nchini, umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60 kwa watumishi wengi, na ni marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliyowasogeza maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa hadi miaka 65. Barua uliyopewa imekata ajira, na pamoja na ajira imekata vyote vilivyokuwa vimening'inia kwenye ajira: ofisi, ujumbe wa kikao cha idara, na nafasi katika Seneti, yaani kikao kikuu cha taaluma cha chuo, kama ulikuwa nayo. Lakini ni ajira tu iliyokatwa. Yapo mengine ambayo chuo kinaweza kukupa ukiwa nje ya ajira, na karibu yote hutolewa kwa anayeomba.

La kwanza ni hadhi ya profesa emeritasi, yaani cheo cha heshima anachopewa profesa aliyestaafu. Neno hilo ni la Kilatini, na hapo kale lilimhusu askari aliyemaliza utumishi wake kwa heshima. Wasomaji wengi hudhani kwamba kila profesa anayestaafu hulibeba, jambo ambalo si kweli. Kwa kawaida idara hupendekeza, ndaki au kitivo hupitisha, na vyombo vya juu vya chuo huamua kwa kutazama uzito wa mchango wa mhusika. Kwa jinsi nijuavyo mimi idara zetu, pendekezo hilo husahaulika kwa urahisi, si kwa chuki bali kwa shughuli nyingi, na si aibu kumwomba mwenzako wa zamani aliandike.

La pili ni kupewa kazi mahususi yenye jina na muda wake. Mfano ninaoupenda ni wa Mlimani. Profesa Issa Shivji alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1970 hadi alipostaafu mwaka 2006, na mwaka 2008 akarejea chuoni hapo hapo kama mshika Kigoda wa kwanza wa Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere katika masuala ya Umajumui wa Afrika, akakikalia hadi mwaka 2013. Tazama vizuri lilivyofanyika jambo hili: hakurudishwa katika kiti chake cha zamani cha Kitivo cha Sheria wala hakumziba mtu, bali kiliundwa kiti kipya chenye shughuli yake ya mihadhara na mijadala ya wazi, na baada yake kikakaliwa na Profesa Penina Mlama. Ni kweli kwamba vyuo vingi havina fedha za kuunda vigoda. Hata hivyo kazi ndogo zaidi zipo tele: kutahini nje, yaani kuwatahini wanafunzi wa chuo kingine, kuhariri jarida la idara, kuwalea wahadhiri wapya katika uandishi wa makala, kusaidia mapitio ya mitaala. Mtahini wa nje aliye mtulivu na asiyegombea cheo chochote ni hazina, na idara nyingi huhangaika kumpata.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa limewekwa katika kanuni, mtazamo wangu huenda California. Katika Chuo Kikuu cha California, mwanataaluma aliyekuwa mjumbe wa Seneti hapotezi ujumbe wake kwa sababu ya kuwa emeritasi, anabaki humo. Vilevile anaweza kuitwa tena kufundisha au kutafiti kwa malipo, ila kwa kiwango kisichozidi asilimia 43 ya muda kamili wa kazi, na matawi ya chuo hicho yana jumuiya zao za maemeritasi zilizounganishwa katika baraza moja. Usidhani ni ukarimu mtupu. Marekani iliondoa umri wa lazima wa kustaafu kwa maprofesa wenye ajira ya kudumu kuanzia Januari 1994, na tangu hapo chuo kinachotaka profesa wa miaka 75 aondoke kwa hiari yake kinapaswa kumwonyesha kwamba nje ya ajira bado kuna maktaba, barua pepe, kijiofisi cha pamoja na watu wa kunywa nao kahawa. Kwetu sheria ndiyo inayomtoa mtu, kwa hiyo hakuna ofisa anayejisumbua kumbembeleza. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndiyo sababu ninakuhimiza kuomba.

Hata huko California, lakini, kura za idara kuhusu kuajiri na kupandisha watu vyeo hazimfuati mstaafu moja kwa moja. Idara yenyewe ndiyo huamua kama itampa. Ninaliona hilo kuwa sawa kabisa. Mstaafu asikilizwe, apewe hata nusu saa ya kusema, lakini mkono wa kura uinuliwe na yule atakayegawana vipindi na huyo anayeajiriwa.

Uongozi ukiutaka, utafute katika chuo kingine. Mabaraza ya vyuo huwa na wajumbe kutoka nje, na profesa mstaafu wa chuo cha pili anazijua hila zote za idara bila kuwa na shemeji ndani yake. Profesa Geoffrey Mmari alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nchini Kenya, mwanahistoria Bethwell Ogot, aliyefariki dunia Januari 2025, alikuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, yaani yule ambaye sisi humwita Mkuu wa Chuo, kuanzia mwaka 2003 hadi 2013, naye alianza akiwa amepita miaka 70. Na kama ulihitimu katika chuo hicho hicho ulichofundisha, Baraza la Masajili, yaani chombo cha wahitimu wa chuo, linakuhesabu kuwa mwenzao kama mhitimu, na mhitimu hastaafu.

SWALI: Mimi ni mhadhiri kijana. Kwa heshima zote, wazee hawa wakiendelea kurudi kwa mikataba, sisi tutapanda lini? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako ina msingi pale mkataba wa mstaafu unapokalia nafasi ya ikama, yaani nafasi ya ajira iliyoidhinishwa katika idadi ya watumishi, kwa sababu nafasi hiyo ingetangazwa angeajiriwa mwingine. Hapo una haki ya kuuliza katika kikao cha jumuiya ya wanataaluma, na uulize kwa sauti. Lakini kumbuka pia pengo lilikotoka. Miaka ya 1990 ajira mpya serikalini zilibanwa kwa masharti ya marekebisho ya uchumi, vyuo vikakaa muda mrefu bila kuajiri wahadhiri vijana, na kizazi ambacho leo kingekuwa cha maprofesa wa miaka 50 na kitu kikawa chembamba. Ndiyo maana katika idara nyingine utakuta wazee wawili, vijana kumi na wawili, na katikati hakuna mtu. Vijana hao wanahitaji wa kuwasimamia uzamivu wao ili wapande, na msimamizi mwenye sifa mara nyingi ni yule yule mzee. Kinachofaa kudaiwa ni kwamba mkataba wake utaje idadi ya vijana atakaowafikisha kwenye shahada, na usihuishwe kama hakuna aliyefika.

SWALI: Je, mstaafu anaruhusiwa kuendelea kujiita Profesa? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Mtaani na katika maandishi yake, ndiyo, na hakuna atakayemkataza. Katika barua rasmi aandike Profesa mstaafu, na neno emeritasi aliongeze pale tu alipopewa kwa barua.