Daraja la Matadi, mbona halina nguzo mtoni?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi mzaliwa wa Bukavu ila naishi Kinshasa. Juzi nimeenda Boma kwa basi nikapita kwa mara ya kwanza lile daraja kubwa la Matadi, nikachungulia chini sikuona nguzo hata moja kwenye maji! Sasa linashikwa na nini, na malori yote yale? Na je, ni sawa na lile la Kigamboni kule Dar?
Msomaji, Kinshasa

JIBU: Ndugu yangu umeuliza swali ninalolipenda sana. Anza na mto wenyewe. Mto Kongo pale Matadi umebanwa na milima, yaani maji yote unayoyaona yamejitandaza Kinshasa yanalazimika kupita kwenye korongo, kwa hiyo kina ni kirefu na mkondo ni mkali balaa, usimamishe nguzo katikati hapo uanzie wapi? Ndiyo maana Wajapani waliolijenga kuanzia 1979 wakaamua kulining'iniza. Minara miwili, mmoja kila upande, na kati yake mita 520 hakuna kitu chini.

Jaribu hapo nyumbani utaelewa. Weka viti viwili mbalimbali, pitisha kamba juu ya migongo yake, halafu katikati ning'iniza mfuko wa viazi. Kama kamba umeifunga kwenye viti tu, viti vinainama kuelekeana vinaanguka. Sasa ishushe kila ncha nyuma ya kiti uifunge kwenye ndoo iliyojaa maji, viti vinatulia. Viti ni minara, mfuko ni barabara na malori yake, na zile ndoo ndizo zinazofanya kazi ambayo abiria haioni. Pale Matadi ndoo ni matofali makubwa mno ya zege yaliyoshikana na mlima, na bahati nzuri mlima wenyewe ni mwamba, hata jina la mji kwa Kikongo maana yake ni mawe.

La Kigamboni ni aina nyingine. Kule nyaya zinatoka mnarani zimenyooka moja kwa moja mpaka kwenye barabara. La Matadi kebo kubwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na nyaya nyembamba zinashuka kutoka kwenye hiyo kebo kushika barabara.

Lilifunguliwa Mei 1983 likapewa jina la Marshali Mobutu, na kwa Afrika ndilo lililokuwa refu kuliko yote ya kuning'inia mpaka Msumbiji wakafungua la Maputo kwenda Katembe 2018. Na toka Kinshasa mpaka baharini hakuna daraja jingine juu ya mto huo, Kinshasa na Brazzaville zinatazamana na bado watu wanavuka kwa boti, kwa hiyo hilo moja likifungwa, kwenda Boma na mji wa Banana kule pwani kwa barabara basi tena. Adui yake mkubwa ni kutu ndani ya kebo, ambako jicho halifiki, ndo maana Wajapani walirudi kusaidia kufunga mitambo ya kupuliza hewa kavu mle ndani.

Kitu kinachoniuma mimi ni reli. Lilijengwa libebe na treni pia, ya kwenda kwenye bandari ya kina kirefu iliyokuwa imepangwa kujengwa Banana. Ile reli haikujengwa, na mpaka leo yanapita magari tu.